Rodi za kuchomelea zilizokaa stoo miaka mingi: zipi nitumie, zipi nitupe?

Stoo_Tanga

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa wanaozijua rodi kwa undani.

Kuna karakana hapa Tanga iliyofungwa muda mrefu, na stoo yake imebaki na rodi nyingi. Nimezitenga mafungu manne. La kwanza ni E6013 za milimita 2.5, yaani geji 12, pakiti nane za kilo 5. Tano kati ya hizo nailoni yake imechanika. La pili ni E7018 za milimita 3.2, geji 10, makopo matatu ya bati ya kilo 5: mawili hayajawahi kufunguliwa, la tatu liko wazi na lilifunikwa gazeti tu. La tatu ni E6011 za 3.2, nusu kopo, lina mfuniko wa plastiki. La nne ni tita lililofungwa kwa waya, halina pakiti wala maandishi, na waliokuwapo wanasema lilikuwamo stoo tangu kabla ya 1980.

Sakafu ni ya saruji, pakiti zilikaa chini moja kwa moja, na bahari haifiki kilomita moja. Baadhi ya E6013 zina ungaunga mweupe juu yake, kama chumvi iliyokaukia mwilini baada ya kuoga baharini.

Kazi zinazosubiri ni tatu: grili za madirisha za paipu ya mraba yenye unene wa milimita 1.5, mnara wa tangi la maji la lita 5000 kwa engo ya 50 kwa 50 kwa 6, na mkono wa tela la trekta uliopasuka. Mashine ni inveta ya DC ya ampea 200. Oveni iliyopo ni ya gesi, mwisho wake nyuzi 250.

Zipi ni salama, zipi zinaokeka, zipi za kutupa? Na nitajuaje bila maabara?

---

Fundi_Geji10

Mkuu, umri peke yake hauharibu rodi. Zinazoiharibu ni unyevu, kutu na kugongwagongwa. Rodi ya miaka ishirini iliyozibwa vizuri inaweza kuwa nzima kuliko ya miezi mitatu iliyokaa wazi hapo pwani.

Unga uliofunika waya umegandishwa kwa silikati ya sodiamu au ya potasiamu. Silikati hizo huvuta maji kutoka hewani. Maji yakiingia kwenye moto wa kuchomelea yanavunjika kuwa haidrojeni na oksijeni, na hapo ndipo vitundu, kurusha cheche na nyufa vinapoanzia. Sasa kila aina ya unga inavumilia maji kwa kiasi chake, kwa hiyo soma namba kwanza. Tarakimu mbili za mbele ni nguvu ya mshono: 60 au 70, maelfu ya pauni kwa inchi ya mraba. Inayofuata, 1, inasema rodi inafaa mikao yote. Ya mwisho ndiyo yenye jibu lako: 3 ni rutaili (madini ya titani), 1 ni selulosi (nyuzi za mimea), 8 ni unga wa haidrojeni ndogo, yaani unaoingiza haidrojeni kidogo sana kwenye mshono.

Nianze na E6013. Hii ndiyo mvumilivu. Hata ikiwa mpya kabisa mshono wake una haidrojeni nyingi, na ndiyo maana inatumika kwenye chuma laini, chembamba, kisicho na mkazo mkubwa. Ikinyonya unyevu kidogo, utaona kero kabla ya hatari: inarusha, inanata, slagi (lile gamba linalofunika mshono) inang'ang'ania, mshono unatoka na vitundu.

Usiihukumu pakiti kwa rodi ya juu. Toa tatu za katikati na mbili za upande uliogusa sakafu. Pitisha kidole: unga ukibanduka kama chaki, tupa. Angalia ncha ya kuwashia. Unga ukiwa umevunjika upande mmoja, moto utavutwa upande huo na rodi itanata. Kisha chukua plaizi, bana katikati ya rodi, uvunje unga wa kama sentimita mbili na uangalie waya wa ndani. Waya ukiwa wa kijivu na safi, rodi ina matumaini. Ukikuta madoa ya kahawia chini ya unga, pakiti hiyo imekwisha, na oveni haitaiokoa, kwa sababu kutu haiokwi ikageuka chuma. Kutu ikiwa kwenye kichwa cha kushikia tu, pale pasipo na unga, piga msasa na uendelee.

Ule weupe ni chumvi ya karboneti: silikati ya unga imekutana na unyevu na hewa. Maana yake maji yaliingia, yakatembea ndani ya unga, yakatoka na kuacha chumvi juu. Kwa E6013 si hukumu ya kifo papo hapo, ila zinazokuwa na weupe ndizo za kuvunjwa kwa plaizi kwanza.

Zilizopita kipimo hicho: zipange kwenye trei safu moja, zisirundikane, oveni ifike nyuzi 150 ndipo uziingize, dakika 30, kisha zichome zikiwa bado na vuguvugu. Usipandishe hadi 250 ukidhani ndivyo zitakavyokauka zaidi. Unga wa E6013 umetengenezwa uwe na unyevu wake kidogo. Ukiukausha kupita kiasi unapata vipasuko na moto unakuwa mkali na wa kurukaruka. Oveni hiyo isiwe ya kupikia chakula, maana unga wa rodi unamwagika na una madini ya manganizi.

E6011 ni kinyume chake: usiioke kabisa. Selulosi inahitaji maji, kiasi cha asilimia 3 hadi 7 ya uzito wa unga, ndiyo yanayotoa ile gesi na msukumo wa kuchimba. Ukiioka unaunguza selulosi, na unabaki na rodi isiyokuwa na nguvu ya kuingia, yenye kukatikakatika moto. Kwa E6011 jaribu hivyohivyo ilivyo, DC chanya, yaani rodi ikiwa upande wa chanya wa mashine, ampea 80 hadi 110. Ikichimba na kuacha slagi nyembamba, itumie kwenye vyuma vyenye kutu na kazi za shamba.

---

Mkaguzi_Mishono

Niongeze kwenye E7018, maana hapo ndipo watu wanapokosea na kosa halionekani.

E7018 iliyolowa inaweza kuchoma vizuri. Moto laini, slagi inatoka, mshono unang'aa. Fundi anaridhika, anapaka rangi. Tatizo ni haidrojeni iliyoingia kwenye chuma kikiwa cha moto. Chuma kikipoa chini ya nyuzi 200 hivi, haidrojeni inaanza kujikusanya sehemu ngumu iliyo kandokando ya mshono, na ikikuta mkazo inafungua ufa. Ufa huo mara nyingi huanza chini ya mshono au mguuni mwake, yaani ukingoni unapokutana na chuma, na unaweza kuchelewa siku moja, mbili, hata tatu. Ndiyo maana kwenye chuma chenye hatari hiyo ukaguzi husubiri saa 48 baada ya kazi.

Ili upate picha ya udogo wa maji tunayozungumzia: unga wa E7018 wa kawaida, ukitoka kiwandani, unaruhusiwa unyevu usiozidi asilimia 0.6. Rodi moja ya 3.2 yenye urefu wa 350 ina uzito wa gramu 35 hivi, na unga wake ni kama gramu 12. Chukua rodi kumi: unga gramu 120, na kikomo chote cha maji ni takribani gramu 0.7 kwa rodi zote kumi. Matone machache tu. Hakuna jicho, kidole wala sikio litakalokuonyesha kwamba zimezidi hapo.

Kanuni ya AWS D1.1, ya chama cha uchomeleaji cha Marekani, inaruhusu E7018 ya kawaida ikae nje ya kopo au oveni saa 4, na yenye herufi R mwishoni, kama E7018H4R, saa 9. Zikishatoka kwenye kopo lililozibwa zinatunzwa kwenye oveni ya nyuzi 120 na kuendelea. Zikizidi muda, zinaokwa upya: nyuzi 260 hadi 430 kwa saa 2 zisizopungua, au kama mtengenezaji alivyoandika kwenye kopo. Kabla ya kufika huko hupashwa kwanza kwenye joto lisilozidi nusu ya hilo la mwisho kwa nusu saa, ili maji yatoke polepole yasipasue unga. Kuoka upya ni mara moja tu. Na rodi iliyolowa maji, yaani iliyonyeshewa au kumwagikiwa, haiokwi, hutupwa.

Umeona tatizo la oveni yako: mwisho wake 250, na namba iliyo kwenye kitufe cha oveni ya gesi mara nyingi hailingani na joto la ndani. Huwezi kuzirudisha E7018 kwenye hali yake kwa oveni ya jikoni. Kwa hiyo kopo lililokuwa na gazeti si la haidrojeni ndogo tena, hata kama namba bado imeandikwa 7018. Litumie kwenye kazi zisizobeba uhai wa mtu: meza ya karakana, rafu, miguu ya benchi. Liandike kwa kalamu nene, "KAZI NDOGO TU", mtu mwingine asilichukue kwa nia njema.

Makopo mawili yaliyozibwa ni hazina, kama kweli yamezibwa. Yafute kwa kitambaa, uyaangalie kwenye mwanga, hasa ukingo wa chini uliogusa saruji. Kutu ya juujuu si neno. Kitundu cha ukubwa wa sindano kinalifanya kopo liwe sawa na lililo wazi.

---

Jua_la_Moro

Mbona mnamtisha mwenzenu? Wengi tunazianika juani juu ya bati, saa nne asubuhi mpaka saa tisa mchana, zinachoma vizuri. Ukiwa na haraka, ishotishe rodi kwenye chuma sekunde chache ipate moto, basi.

---

Fundi_Geji10

Mkuu, juani kwa E6013 siipingi moja kwa moja. Bati la mchana linaweza kufika nyuzi 60 na kitu, linaondoa maji yaliyokaa juu ya unga, na kwa grili huenda yakatosha. Ila maji yaliyoshikana na silikati hayatoki kwa joto hilo, na kwa hewa ya Tanga ukizianua jioni ukaziacha mezani, hadi asubuhi zimeshakunywa tena. Kwa E7018 jua halina kazi yoyote.

Kushotisha ndiko ninakokukataa. Umeme unapita kwenye waya, si kwenye unga. Waya unapata moto ghafla, unatanuka kuliko unga ulioushika, na unga unapasuka kwa ndani.  Utaona ukichoma rodi ya namna hiyo: ghafla katikati unga unaanguka kipande kizima, waya unabaki uchi, mshono unachemka kama uji. Na mashine yako inalipa gharama hiyo pia.

---

Usalama_Kazini

Kuhusu fungu la nne naomba nisikilizwe kabla hamjafika kwenye kuoka.

Rodi zisizo na jina za kabla ya 1980 zina swali lingine kabisa. Katika miaka hiyo baadhi ya watengenezaji waliweka asbestosi kwenye unga wa rodi, kwa sababu ilishika unga vizuri na ilistahimili joto. Si kila rodi ya zamani inayo, lakini kwa macho huwezi kutofautisha. Rangi ya unga haisemi kitu, na kukosa nyuzinyuzi zinazoonekana hakusemi kitu pia.

Hatari yake iko kwenye vumbi. Kuvunja unga kwa plaizi, kama ilivyoshauriwa kwa E6013, usikufanye kwenye tita hilo. Usizipige msasa, usizigonganishe, usizifagie kwa ufagio mkavu. Zinyunyizie maji kidogo vumbi lisiruke, ziingize kwenye mfuko mzito wa plastiki, ufunge, uingize kwenye mfuko wa pili, uandike nje. Vipande vilivyobaki chini vikusanye kwa kitambaa kilicholowa na kitambaa nacho kiingie mfukoni. Vaa barakoa ya daraja la P3, ile ya kitambaa haizuii kitu. Kisha uliza ofisi ya mazingira ya halmashauri wapi taka za asbestosi zinapokelewa. Zisiende jalala la kawaida na zisichomwe.

Na hata zikiwa hazina asbestosi, hujui ni aina gani. Zinaweza kuwa za chuma cha pua, ambazo moshi wake una kromiamu mbaya kwa mapafu, au za kujazia uso mgumu. Rodi usiyoijua haina kazi ya kuipa.

Jambo lingine dogo lakini la siku zote: rodi yenye unyevu inapitisha umeme kupitia unga wake. Mashine ikiwa haichomi, kwenye holda kuna volti 60 hadi 80 hivi. Fundi mwenye jasho, glavu zimelowa, amekaa juu ya chuma, anabadilisha rodi kwa mkono mtupu: hapo njia ya umeme imekamilika. Glavu kavu za ngozi, ubao mkavu chini ya miguu.

---

Stoo_Tanga

Nashukuru sana, wakuu. Tita la nne limeshaingia kwenye mifuko miwili, halikuguswa tena.

E6013: nimevunja unga wa rodi tano kwa kila pakiti. Pakiti mbili za chini kabisa zina kutu ndani. Waya una madoa madogo ya kahawia yanayofuatana kama nyayo za sisimizi, na weupe mwingi uko hukohuko. Hizo zimewekwa kando. Tatu zilizochanika lakini waya wake ni safi nimeoka rodi 20 kwa nyuzi 150, nusu saa. Nilizipima kabla na baada kwa mizani ya gramu 0.1: zimepungua gramu 1.6 kwa zote 20.

Nimechoma kwa ampea 80 kwenye vipande vya bamba la milimita 6. Mwanzo wa mshono kuna vitundu viwili au vitatu, kisha panakuwa safi hadi mwisho. Pakiti tatu zilizokuwa zimefungwa, bila kuoka, hazina kitundu na slagi inajiinua yenyewe. Je, vile vitundu vya mwanzo nivipuuze? Kwa kuwa sehemu kubwa ya mshono ni safi.

---

Fundi_Geji10

Usivipuuze, hivyo ndivyo vinavyosema ukweli. Rodi inapochomwa, umeme unapita kwenye waya wote uliobaki na kuupasha. Ukifika nusu, rodi imeshajikausha yenyewe kwa ndani. Kwa hiyo nusu ya pili ya kila rodi hudanganya. Tazama sentimita tatu za kwanza, na kwa kila jaribio anza na rodi mpya, usitumie kipande kilichobaki.

Kupima kwa mizani umefanya jambo la maana. Rodi 20 za 2.5 zina unga wa gramu 90 au 100 hivi. Zikipoteza gramu 1.6 maana yake unga ulitoa maji karibu asilimia 1.7. Zirudishe rodi zilezile dakika 20 nyingine, upime tena. Uzito ukiwa umesimama, zimekauka kwa joto hilo; vitundu vikibaki, basi unga wenyewe umeshabadilika, na hizo ni za kushikiza tu vipande visivyo na kazi. Uzito ukiendelea kushuka, muda haukutosha.

Halafu vunja. Simamisha kipande juu ya kingine kama herufi T iliyogeuzwa, choma upande mmoja tu, sentimita 10, na katikati simama uanze tena na rodi mpya. Acha kipoe chenyewe, usimwagie maji. Kibane kwenye jiliwa, piga nyundo kwenye kipande kilichosimama kutoka upande usiochomwa, kilalie mshono mpaka mzizi wake ufunguke. Kikilala bapa bila kuvunjika, vizuri. Kikivunjika, soma uso wake: kijivu cha chembechembe kote ni chuma kimoja. Vitundu virefu kama njia za minyoo vinavyotoka kwenye mzizi ni unyevu. Mstari mweusi unaong'aa ni slagi iliyofunikwa, na hilo ni kosa la mkono au la ampea, usiisingizie rodi.

---

Kisauni_Karakana

Niko Mombasa, hewa yetu na yenu ni ileile, kwa hiyo kwenye utunzaji nina la kusema.

Usirudishe kitu chochote kwenye sakafu. Saruji inapumua maji usiku kucha. Weka paleti ya mbao, iwe mbali na ukuta shubiri moja, na pakiti zilale bapa. Ukizisimamisha, ncha za chini zinabeba uzito na unga unavunjika. Kwa E6013 chukua friji bovu lenye mpira mzima mlangoni, toboa tundu dogo juu na dogo chini, weka balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 chini, imezungushiwa wavu isiguse pakiti. Lengo ni ndani kuwe na joto la juu kuliko nje kwa nyuzi 10 hivi; hewa ikipata joto unyevunyevu wake unashuka na rodi hazinyonyi. Balbu ya LED haifai, haitoi joto la kutosha. Msimu wa masika usiizime hata kazi ikiwa hakuna.

Lakini friji hilo halikaushi rodi iliyokwisha kulowa, na si mahali pa E7018 iliyofunguliwa. Wengi hapa huchanganya hayo mawili. E6011 pia usiiweke humo, iache kwenye kopo lake na mfuniko.

Na chupa ya plastiki yenye mfuniko wa skrubu na pakiti za silika, vile vifuko vinavyonyonya unyevu, inatosha kwa rodi za siku mbili tatu. Mchele na chumvi ni kujidanganya.

---

Mkaguzi_Mishono

Kabla mada haijaisha, tuzigawe kazi zenyewe.

Grili: pakiti tatu zilizofungwa, E6013 za 2.5. Kwa paipu ya 1.5 shuka hadi ampea 55 au 60, choma vipande vifupi vya sentimita mbili tatu ukiruka pembe, isitoboke. Zilizookwa zikipita jaribio la T zitafaa hapa pia.

Mnara: lita 5000 ni tani 5 za maji, bila kuhesabu tangi, na chini yake watu watapita na watoto watacheza. Hapo pakiti zilizochanika haziingii, hata zikipita jaribio. Tumia E7018 za kopo lililozibwa, DC chanya, ampea 110 hadi 120, rodi karibu kabisa na chuma. Ukiivuta mbali hewa inaingia na unapata vitundu hata kwa rodi mpya. Kopo la kilo 5 lina rodi kama 140. Huna oveni ya kutunzia, kwa hiyo saa inaanza kuhesabu pale unapokata bati. Kata engo zote kwanza, zishikize, piga brashi viungo vyote, kila kitu kiwe tayari, ndipo ufungue kopo. Zitakazobaki baada ya saa 4 zihamie kwenye lile kopo la "KAZI NDOGO TU". Inauma kuzishusha daraja, najua, lakini kopo la pili bado lipo. Kama hutaki kulifungua, E6013 mpya za 3.2 kutoka dukani zinafaa kwa engo ya 6 ya chuma laini.

Mkono wa tela ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Unapita barabarani, unavutwa na kushtuliwa, na ulikwishapasuka mara moja. Kwanza jua ni chuma gani. Pitisha tupa ya kunolea kwenye ukingo: ikiuma na kutoa chenga, ni laini, ikiteleza kama juu ya kioo, ni chuma kigumu cha namna ya springi au ekseli, na hicho kwa rodi yenye unyevu kitapasuka pembeni mwa mshono karibu kwa uhakika. Kikiwa kigumu, usikichome kwa rodi za stoo hiyo. Bora kipande kibadilishwe kizima.

Kikiwa laini, tafuta mwisho wa ufa kwa dawa nyekundu ya kupenyeza na nyeupe ya kuonyesha, toboa tundu la milimita 6 mbele kidogo ya kila ncha, saga ufa wote hadi chini kwa umbo la V. Ukiuacha hata kidogo chini, utarudi njia ileile. Kama unene unazidi milimita 20, au asubuhi kuna baridi na umande, pasha kwa moto wa gesi hadi nyuzi 100 hivi, upana wa kiganja kila upande. Choma kwa E7018 za kopo hilohilo ndani ya saa zake, safu kwa safu, slagi itoke yote kati ya safu na safu. Kisha funika kwa majivu makavu au mchanga mkavu kipoe polepole.

Tela lisifungwe kwenye trekta kwa saa 48. Baada ya hapo rudia dawa nyekundu, hasa kwenye mguu wa mshono pande zote mbili. Ukiona mstari mwekundu mwembamba kama uzi, saga uondoe, usichome juu yake.

---

Stoo_Tanga

Nimeelewa, dada Mkaguzi. Zile rodi 20 nimezirudisha dakika 20: zimepungua gramu 0.1 tu, na vitundu vya mwanzo bado vipo. Hizo basi ni za kushikiza. Makopo mawili ya E7018 nimeyafuta. Moja ni zima, la pili lina kitundu kwenye ukingo wa chini, ukilielekeza juani mwanga haupiti lakini sindano inaingia.

---

Mkaguzi_Mishono

Sindano ikiingia, hewa ya bahari imeshaingia. Lihesabu pamoja na lililo wazi. Kopo zima moja linatosha mnara na mkono wa tela kama utavipanga siku moja ndani ya zile saa 4, mkono kwanza asubuhi rodi zikiwa zimetoka tu koponi, mnara ufuate. Tupa ilisemaje kwenye ule mkono?

---

Stoo_Tanga

Inauma, inatoa chenga. Unene ni milimita 12.

---

Mkaguzi_Mishono

Basi endelea. Saga leo, fungua kopo kesho.